Kondoo wa Kidete Hanyolewi

Mpwa wangu, picha ya mashine uliyonitumia nimeiona, na ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Unasema umejiwekea akiba kutokana na vibarua vya reli mpya, umempata mtu Kariakoo anayeuza mashine ya umeme ya kunyolea kondoo na ng'ombe, ndogo, ya kubeba mkononi, ya kuchaji, imo ndani ya sanduku lake, na bei ni laki nne na nusu. Utazunguka nayo Kidete yote, ushuke Kilosa, uingie Twatwatwa kwa Waparakuyo, ufike hadi Mikumi, ukinyoa mifugo ya watu kwa malipo ya kila kichwa. Kwangu unataka baraka na nusu ya hela.

Baraka unazo. Kwetu Wakaguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba hana ubavu wa kumnyima mpwa wake baraka. Hela tuiweke kando kwanza. Nimechoka, sikufichi. Magoti yamechoka, na mdomo umechoka kuliko magoti, maana vijana wengi mnakuja kuomba ushauri risiti ikiwa tayari mfukoni. Wewe umeuliza kabla hujalipa. Kwa ajili hiyo nakuandikia kwa kirefu, nawe soma bila kuruka.

Umeuliza ipi bora, ya betri au ya waya. Hilo nitalifikia. Kuna swali ulilolipita njiani ukaliacha limesimama: ni mnyama gani wa huku kwetu anayehitaji kunyolewa?

Siku utakayokuja, ingia zizini, shika kondoo jike yeyote, pitisha vidole mgongoni kutoka mkiani kwenda shingoni. Utakuta nywele fupi, kavu, zilizolala, hazina tofauti kubwa na za mbuzi, na vidole vitagusa ngozi bila kuzuiwa na chochote. Pale hakuna sufu. Kondoo mwekundu wa Kimasai hana sufu. Yule mweupe wa kichwa cheusi hana. Yule wa Ugogoni anayeburuta mkia mnene hana. Nywele zao zinaota kwa kiasi, zinapukutika zenyewe, zinaota nyingine, na mwenye kondoo hata hajui zimepukutika lini. Kumnyoa kondoo wa Kidete ni sawa na kumpeleka mzee mwenye upara kwa kinyozi: atakaa kitini, utalipa, na chini hakitaanguka kitu.

Hao uliowaona kwenye video, wanaoviringishwa chini huku sufu ikiwatoka nzima nzima, ni kondoo wa namna nyingine. Merino, Corriedale na wenzao. Watu waliwachagua kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya sufu, mpaka ikafika mahali sufu haijui kukoma kuota. Kondoo yule asiponyolewa kila mwaka anaelemewa, joto linamtesa, kinyesi kinaganda nyuma, nzi wanataga humo na funza wanaanza kumla akiwa hai. Kwa mnyama wa namna hiyo mashine ni huruma. Lakini wako wapi? Wako kwenye nyanda za baridi za Kenya, upande wa Molo, Nyandarua na Nanyuki, ambako kina mama wanasokota sufu na kufuma mazulia. Hata huko hawakustawi kwa wepesi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mlowezi Lord Delamere alileta kondoo wa sufu kutoka ng'ambo, akawaweka Njoro, na wengi wakamfia, kwa sababu majani yale mazuri kwa macho yalikuwa na upungufu wa madini. Wamasai walikuwa wanalipita eneo lile bila kuweka mifugo yao, na hakuna aliyewauliza kwa nini.

Na wewe jiulize hivyo hivyo. Waparakuyo wa Twatwatwa wameishi na kondoo tangu kabla babu zetu hawajaiona treni. Wanajua mafuta ya mkia yanatibu nini, wanajua kondoo yupi anapewa mama aliyejifungua. Umewahi kuwaona wakimnyoa kondoo? Utawafikia na mashine inayovuma, watakukaribisha, watakupa maziwa, na watakusindikiza kwa heshima zote mpaka barabarani na chaji yako ikiwa bado imejaa.

Hapo hapo nikukumbushe jambo jingine, maana wewe ulikuwa hujazaliwa au ulikuwa bado mgongoni. Kilosa hii mtu haingii kwenye zizi la mwenzake kienyeji. Desemba 2000 pale Rudewa Mbuyuni ugomvi wa wakulima na wafugaji uliondoka na roho za watu zaidi ya 30. Tangu hapo mtu mgeni anayezunguka akishikashika ng'ombe wa watu anatazamwa kwa macho mawili. Kazi yoyote ya mifugo utakayoifanya kijiji hadi kijiji, pita kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, pita kwa viongozi wa wafugaji, na bwana mifugo wa kata akujue kwa jina. Hiyo haiuzwi Kariakoo.

Najua utakachonijibu. Utasema, mjomba, mbona yule dume wa mwalimu mstaafu ana mabaka ya sufu mgongoni, mengine yananing'inia? Nimemwona. Yule ana damu ya Dopa. Dopa walitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930, wakachukua Dorset Horn mwenye nyama wakamchanganya na yule wa kichwa cheusi anayeitwa wa Kiajemi, wakapata kondoo wa nyama anayestahimili ukame na anayejivua sufu mwenyewe. Ndiyo maana ana mabaka. Yuko katikati ya kujivua. Atajisugua kwenye uzio wa miiba, na baka lililokataa utalivuta kwa mkono au utalikata kwa mkasi huku unaongea na mwenyewe mambo ya mvua. Usiudharau mkasi. Kule Australia mwaka 1892 mtu anayeitwa Jackie Howe alinyoa kondoo 321 kwa siku moja akitumia mkasi wa mkono, na mashine zilikuwa zimeshaanza kazi. Miaka minne kabla yake banda zima la kondoo pale Dunlop, New South Wales, lilinyolewa kwa mashine za Frederick Wolseley. Sasa mwalimu ana Dopa wangapi wa kukulipia laki nne na nusu?

Tena ukimshika huyo Dopa, usitazame mgongo. Tazama jicho. Weka kidole gumba juu ya kope la juu, bonyeza taratibu, na kwa kidole kingine vuta kope la chini mpaka ule utando wa ndani ujitokeze. Ukiwa mwekundu, mwachie aende. Ukiwa wa waridi uliopauka, anza kuwaza dawa. Ukiwa mweupe, huyo hana damu, minyoo ya tumboni imeinyonya, na asipopata dawa leo utamkuta kesho amelala upande. Afrika Kusini wametengeneza kadi yenye rangi tano za kulinganishia jicho hilo, inaitwa FAMACHA. Ukiweza kuipata, hiyo ndiyo ya kuanza kununua. Miaka ya 1990 watafiti wa taasisi ambayo sasa inaitwa ILRI waliwafuga Dopa na kondoo wekundu wa Kimasai pamoja kule Diani, pwani ya Kenya, kwenye unyevu na minyoo mingi. Wana wa Dopa walikufa zaidi. Wekundu wale wale ambao vijana mnawaita wa kizamani walikuwa na minyoo michache na wakakua. Huku kwetu bonde la Mkondoa likijaa maji, unajua linavyokuwa. Mwisho wa 2009 kuingia 2010 mafuriko yalibeba reli na nyumba za watu. Maji yakipungua yanaacha majani mabichi, na majani mabichi yenye unyevu ndiyo makao ya minyoo. Kondoo wetu wanakufa kwa hilo. Hakuna aliyewahi kufa kwa nywele nyingi.

Ng'ombe nao ni vivyo hivyo, ila hapa nataka utulie zaidi.

Ng'ombe wetu wa asili ana nywele fupi zinazong'aa. Mungu amemnyoa tayari. Joto likija anahimili, kupe akipanda anaonekana. Lakini utakutana na ndama mwenye manyoya marefu, yamesimama, hayana mng'aro, tumbo kubwa, mgongo umejikunja, na mwenye ndama atakuambia huyu anahitaji kunyolewa maana joto linamsumbua. Ukimnyoa utachukua hela yake, na ndama atakufa akiwa nadhifu. Manyoya yale ni barua. Yanasema ana minyoo, au anaibiwa maziwa ya mama yake, au alipona ndigana kali nusu nusu, au amepigwa na nagana. Sisi tuko jirani na Mbuga ya Mikumi, mbung'o wapo, na mnyama mwenye nagana anadhoofu polepole, tezi zinavimba, macho yanapauka, manyoya yanasimama. Nilipokuwa kazini ranchi ya Mkata, tulifundishwa kuyatazama manyoya kabla ya kupima joto. Ukikata manyoya umeichana barua kabla bwana mifugo hajaisoma. Mwite aje.

Usidhani nakufungia mlango. Mashine ya kunyolea ng'ombe ina kazi zake, ila siyo hiyo uliyoiona wewe. Ng'ombe wa maziwa wa kisasa, hawa wenye damu ya Friesian walioko Kilosa mjini na Morogoro, wana nywele ndefu kwenye kiwele na mapajani. Kinyesi na matope vinaganda humo, na uchafu ule unashukia kwenye ndoo ya maziwa. Kiwele kilichonyolewa kinaoshwa haraka na kinakauka haraka. Kishungi cha mkia kikipunguzwa hakimpigi mkamuaji usoni na tope. Daktari akitaka kumpasua ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, lazima anyoe ubavu kwanza. Kidonda chenye funza kinanyolewa pembeni ili dawa ifike. Anayepiga chapa ya kuganda kwa baridi anahitaji ngozi wazi. Na ikikaribia Nane Nane, wanaopeleka madume yao kwenye Uwanja wa Mwalimu Nyerere pale Morogoro wanataka ng'ombe apendeze, huko kuna hela ya wiki mbili kwa mwaka. Masikio niliyaacha makusudi. Kupe wa ndigana kali wanapenda kujificha ndani ya sikio, na nywele za humo zikipunguzwa dawa inafika vizuri, lakini sikioni tumia mkasi mdogo wenye ncha butu. Mvumo wa mashine ndani ya sikio la ng'ombe utakufanya ujue uzio uko mbali kiasi gani.

Kama ni kazi hiyo unayoitaka, sasa tuzungumze mashine.

La kwanza ni kichwa chake. Picha uliyonitumia nimeikuza kwa vidole mpaka ikawa ukungu. Kichana chake ni kipana, kina meno machache marefu yaliyochongoka, na juu yake kuna kisu kidogo chenye meno manne. Hicho ni kichwa cha sufu. Meno yale yamepanuliwa ili yapenye kwenye sufu nene yenye mafuta. Ukikipeleka kwenye kiwele cha ng'ombe, ngozi laini itaingia katikati ya meno, na utakata chuchu ya ng'ombe wa mtu anayelisha watoto kwa maziwa yale. Kichwa cha ng'ombe kina visu viwili bapa, meno madogo yaliyobanana, kimoja kimetulia na kingine kinatembea juu yake. Muuzaji anayekuambia kichwa kimoja kinafaa kondoo, ng'ombe, farasi na mbwa, huyo anauza sanduku. Muulize kama mashine inakubali kubadilishwa kichwa, na kama vichwa vya akiba anavyo dukani au ataagiza. "Nitaagiza" maana yake havipo.

La pili ni nguvu. Boksi lako limeandikwa wati 1,200. Mwanangu, mashine nzuri za waya za kushika mkononi ziko kwenye wati 200 mpaka 400 hivi, na zinatosha kunyoa kutwa. Namba kubwa kwenye boksi haikati nywele. Kinachokata ni kisu chenye makali kilichobanwa sawasawa. Halafu geuza mashine usome kibati chake: kiseme volti 220 hadi 240. Zipo zinazokuja kutoka Marekani za volti 120, ukiichomeka kwenye soketi ya TANESCO utasikia harufu kabla ya kusikia mvumo.

Sasa betri au waya. Kwa Kidete, na kwa mtu anayetaka kuzunguka, betri, lakini sikiliza masharti. Waya una raha yake, hauishiwi, lakini unataka umeme bandani, na mabanda mengi hayana; panapo umeme pana maji na mkojo chini, na ng'ombe hajui kuruka waya. Ukitumia waya uwe na ile swichi inayokata umeme yenyewe unapovuja, la sivyo nitakuja kukuzika huku nikilipa ng'ombe wa watu. Wapo watakaokuambia chukua ya waya uiwashe kwa sola na inveta. Piga hesabu. Mashine ya wati 300 kwenye betri ya volti 12 inavuta ampea 25, na zaidi kidogo kwa sababu inveta nayo inakula. Betri ya gari ya ampea-saa 50 utaimaliza nusu yake chini ya saa moja, na betri ya namna hiyo ukizoea kuishusha chini ya nusu inakufa mapema. Ya bodaboda hata usiiguse. Ile paneli yako ya taa mbili na simu iache iwashe taa mbili na simu.

Kwa ya betri, dai haya yafuatayo. Betri mbili, si moja, na zote mbili uzijaribu hapo dukani, maana ya pili mara nyingi ni ya mapambo. Betri iwe ya kuchomoka, usikubali iliyofungiwa ndani, kwa sababu betri ndiyo itakayokufa kwanza. Chaja iwe na plagi ya pini tatu bapa za kwetu. Usiichaji ikiwa bado ya moto, usiiache juani kwenye kiti cha pikipiki, na ikikaa bila kazi muda mrefu iache na chaji nusu, isiwe imejaa wala kukauka. Umeme wetu ukikatika unaweza kukukuta katikati ya kuchaji, kwa hiyo usingoje asubuhi ya kazi ndiyo uchomeke.

Ukiwa dukani, ishike mkono mmoja ukiwa umeunyoosha mbele, hesabu mpaka mia taratibu. Nyingi zinazidi kilo moja, na kilo moja mwishoni mwa mkono ulionyooka siyo kilo ya sukari. Iwashe. Isikilize ikiwa tupu, halafu kaza skrubu ya kubana visu kidogo kidogo: mvumo utashuka kidogo na kutulia. Ukilegeza mno inatafuna nywele, ukikaza mno inapata moto na visu vinalika. Iache ivume dakika kumi, kisha weka visu, mashine ikiwa imezimwa, kwenye ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono karibu na mapigo. Usipoweza kuvumilia joto lake, kiwele nacho hakiwezi.

Mafuta kila baada ya dakika tano mpaka kumi, tone moja moja kwenye meno na pembeni mwa kisu. Oili nyepesi ya cherehani inasaidia kama ile ya mashine imeisha. Mafuta ya kula yanaganda na kunata, na oili chafu ya gari ina mchanga wa chuma. Visu vikiisha makali usimpelekee yule jamaa anayenoa visu kwa baiskeli, mzuri sana kwa panga na kisu cha jikoni, lakini visu hivi vinasagwa viwili kwa pamoja kwenye jiwe bapa lake maalumu, na akikwangua kimoja upande havitagusana tena. Kwa hiyo jozi ya akiba iingie kwenye bei. Laki nne na nusu yako imeshakuwa siyo laki nne na nusu, umeona?

Ukinyoa, ng'ombe aizoee sauti kwanza. Washa mashine mbali, sogea, weka mgongo wa mashine, siyo visu, begani kwake mpaka aache kutetemeka. Mvute ngozi kwa mkono wa kushoto ili isijikunje, nenda kinyume cha nywele, usisukume. Nywele zenye matope zioshwe zikauke kwanza, mchanga unaua visu kuliko kitu kingine. Na ukitoka banda moja kwenda lingine, vua visu, piga brashi, vioshe kwa dawa ya kuua vijidudu, kausha, paka mafuta. Mapunye yanapanda kwenye visu yakashuka kwa ng'ombe wa jirani, yakapanda na kwenye mikono yako ukamletea mkeo. Kuna na ule ugonjwa wa majipu ya tezi kwa mbuzi na kondoo, usaha mzito kama jibini, unaopita kwenye michubuko midogo ya kunyoa. Halafu mchubuko wenyewe unabaki kovu kwenye ngozi, na ngozi ya kondoo wa nywele ni nzuri, laini, inayotengenezewa glavu na mikoba huko nje. Ikiwa na makovu inashushwa daraja.

Mali bila daftari huisha bila habari, kwa hiyo chukua daftari. Andika ng'ombe wa kisasa unaowajua wewe mwenyewe kwa sura, wa Kidete, Kilosa na Mikumi, na mwenye kila mmoja ungemtoza kiasi gani mara ngapi kwa mwaka. Toa nauli, toa visu, toa betri. Halafu fungua ukurasa mwingine, andika ng'ombe wa asili, mbuzi na kondoo unaowajua. Huo ukurasa hautatosha. Hao hawataki kunyolewa, wanataka kunyunyiziwa dawa ya kupe pale josho lilipokauka, wanataka kunyweshwa dawa ya minyoo kwa uzito wao na si kwa kukisia, wanataka kukatwa kwato. Bomba la kunyunyizia la lita 16, barakoa, glavu, mkanda wa kupimia kifua kukadiria uzito, na mkasi wa kwato, vyote hivyo ninaamini vinaingia kwenye akiba yako na chenji inabaki. Sindano usiguse; tangu Sheria ya Veterinari ya 2003 kazi ya tiba ina watu wake waliosajiliwa, wewe uwe mkono wa bwana mifugo na siyo mpinzani wake. Akikuzoea, yeye mwenyewe ndiye atakayekuita kushika mashine siku ya upasuaji.

Nusu ya hela uliyoniomba ipo, kwa ukurasa wowote utakaoniletea, mradi uwe umeandikwa. Njoo kabla mvua hazijaanza, njia ikiharibika utakwama. Mwambie yule wa Kariakoo akuwekee picha ya kichwa cha ng'ombe na ya kibati cha volti, aone kama atajibu. Na ukipita Morogoro ninunulie mkasi wa kukatia kwato, ule mwekundu wa mkono mrefu. Wangu skrubu imelegea na majike wawili wa kondoo wameanza kuchechemea.